Hukumu imetoka, sasa ndo nini? Maswali yanayorudi kila wiki kuhusu kesi na sheria mpya

Haya maswali sijayatunga. Nimeyaokota kwenye bajaji za Nkuhungu hapa Dodoma, kwenye magrupu ya mtaa, kwenye benchi za nje ya mahakama asubuhi kabla karani hajafungua dirisha, na mengine nimeulizwa msibani huku nimeshika sahani ya pilau. Yanafanana mno, kwa hiyo nimeona niyajibu sehemu moja, ukiuliza tena nakutumia namba ya swali tu. Usione nakudharau.

## Ya mwanzo kabisa

1. Wewe ni wakili? Nikifuata unachosema nikishindwa kesi je?

Sio wakili, ni msaidizi wa kisheria, wale tunaotambulika kwenye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kazi yetu ni kuelimisha na kuelekeza, hatusimami mahakamani kukutetea. Kwa hiyo hapa unapata picha ya jumla, ila kesi yako ina nyaraka zake na tarehe zake ambazo mi sijaziona. Kama huna hela ya wakili uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, au ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma 2023, watu wengi wanadhani ni mikutano ya siasa kumbe wanaweza kukusikiliza mgogoro wako wa shamba bure.

2. Mahakama ziko ngapi na ipi inaweza kuipindua nyenzake?

Chini kabisa Mahakama ya Mwanzo, juu yake Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, afu Mahakama Kuu, na kileleni Mahakama ya Rufani. Ya juu inaweza kupindua uamuzi wa chini, na kinachosemwa na Mahakama ya Rufani kinazibana zote zilizo chini yake nchi nzima.

Hii ndo sababu mtu akiniambia "mahakama imesema" swali langu la kwanza ni lile lile, mahakama ipi? Watu wananiona mkorofi lakini hilo swali moja linafuta nusu ya ubishi wote kwenye magrupu, na maswali ya 9 mpaka 13 utaona kwanini.

3. Hukumu yenyewe naipata wapi bila kulipa mtu?

TanzLII. Ni tovuti ya bure, ina maelfu ya hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, na sheria pia zipo. Unaandika jina la mhusika au namba ya kesi, unashusha faili. Ukiona kwenye namba ya rejea pameandikwa TZCA ujue ni ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Za mahakama za chini ni za kubahatisha, hizo unaenda masijala ya mahakama husika unaomba nakala.

Kuna jamaa wanauza nakala za hukumu stendi ya mashineni, elfu tano, elfu kumi. Ndugu zangu, hio ni karatasi ya TanzLII ile ile kaprinti.

4. Nimefungua, kurasa 38. Naanzia wapi?

Anza na ukurasa wa kwanza: mahakama ipi, nani mrufani nani mjibu rufani, na hii ni rufaa ya uamuzi wa nani. Afu ruka mpaka ukurasa wa mwisho usome amri, maana pale ndo utajua nani kapata nini hasa. Ukishajua mwanzo na mwisho ndo urudi katikati kutafuta hoja ambayo majaji waliitumia kuamua. Ni hoja ipi? Ile ambayo ukiiondoa uamuzi unaanguka. Mengine yote, jaji akisimulia historia, akilaumu tabia za watu, akitoa nasaha, ni maneno ya njiani, hayamfungi mtu.

Na hapa nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma nilisoma kurasa nne za mwanzo za kesi moja ya ardhi nikawatangazia watu wa kijiji kwamba mama fulani kashinda, wakachinja mbuzi. Kumbe ilikuwa uamuzi mdogo wa pingamizi la awali, yaani mahakama ilisema tu kesi inaruhusiwa kuendelea. Kesi yenyewe ilikuja kuisha baada ya muda mrefu, na yule mama hakushinda. Yule mbuzi nakumbushwa mpaka leo.

5. Mbona hukumu nyingi za Kiingereza wakati Kiswahili ndo lugha ya mahakama?

Ni kweli marekebisho ya sheria ya 2021 yaliifanya lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, ila yaliacha mlango wazi, Kiingereza kinaweza kutumika pale haki inapohitaji hivyo, na huo mlango unatumika sana. Mwaka huo huo Jaji Zephrine Galeba alikuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili pale Mahakama Kuu Musoma, na kwenye sherehe za Siku ya Sheria hapa Dodoma Rais Magufuli akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Wengi tulidhani kuanzia pale mambo yamebadilika jumla. Hayajabadilika jumla. Maoni yangu binafsi, mtu kufungwa miaka 30 kwa lugha asiyoielewa ni jambo la kutuumiza kichwa zaidi ya tunavyoumia sasa hivi.

## Maneno yanayochanganya watu

6. "Mahakama yatupilia mbali kesi", maana yake mtu kashindwa moja kwa moja?

Hapana, na hili neno limewapa watu presha bure. Vyombo vya habari vinatumia "kutupilia mbali" kwa vitu viwili tofauti kabisa. Kuna kesi kuondolewa mahakamani kwa sababu ina kasoro, mfano imefunguliwa mahakama isiyo yake au nyaraka haziko sawa, hapo haijaamuliwa chochote, ukirekebisha kasoro unaweza kurudi ili mradi muda wa kisheria haujapita (angalia swali la 17). Na kuna kesi kutupwa baada ya kusikilizwa, au kwa sababu imechelewa kufunguliwa, hio kurudi pale pale huwezi, njia iliyobaki ni kwenda juu.

Kwa hiyo ukikuta kichwa cha habari hicho, soma aya ya tatu au ya nne. Wakiandika "kutokana na kasoro za kisheria" basi usimpigie ndugu yako simu ya pole bado.

7. Mshtakiwa kaachiwa na hakimu, afu polisi wakamkamata mlangoni. Si amri ya mahakama imedharauliwa?

Inauma lakini mara nyingi sio dharau. Kuachiwa kuko kwa aina mbili. Akiachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa na mahakama kuona hana hatia, au hana kesi ya kujibu, kosa lile lile hawezi kushtakiwa tena, labda upande wa mashtaka ukate rufaa. Lakini mkurugenzi wa mashtaka akiondoa shauri kabla halijafika mwisho, kisheria anayo mamlaka hayo chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kuondoa huko hakumzuii kumshtaki tena mtu yule yule kwa tukio lile lile. Ndo unaona mtu anatoka kizimbani anakumbatiwa na mama yake, dakika mbili yupo kwenye difenda.

Mi naona hii njia inatumika vibaya pale mtu anapozungushwa miezi na miezi, na hilo nalisema wazi. Ila kusema ni kinyume cha amri ya mahakama, hapana.

8. Kesi "imetajwa" mara saba. Inasikilizwa lini?

Kutajwa ni kuangalia tu kesi imefikia wapi. Hamna shahidi, hamna ushahidi. "Upelelezi haujakamilika" inaposemwa kwenye kosa ambalo ile mahakama haina mamlaka ya kulisikiliza, hakimu anabaki kuahirisha tu. Usitafsiri kutajwa kama kesi imeanza.

## Zile hukumu mnazonitumia kila mara

9. Si Mahakama Kuu ilishasema dhamana ni haki kwa kosa lolote? Mbona mdogo wangu ananyimwa?

Ilisema, mwezi Mei 2020, kwenye kesi aliyofungua Dickson Sanga kupinga kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kile kinachotaja makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengineyo. Mahakama Kuu ikaona kinavunja katiba. Ile posti ilisambaa kama moto wa nyasi za mwezi wa tisa huku kwetu.

Kilichofuata hakikusambaa. Agosti 5, 2020, haijafika hata miezi mitatu, Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi na kifungu kikabaki. Mpaka leo natumiwa ile posti ya Mei, kila mwezi, na watu tofauti, mwingine na maneno "share uokoe ndugu yako".

Zamani kidogo kulikuwa na kesi ya Daudi Pete, ya mwanzoni mwa miaka ya 90, pale Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba sehemu moja ya hicho hicho kifungu ilikuwa pana mno, inambana hata asiyestahili, ikaifuta. Kwa hiyo sio kwamba hakijawahi kuguswa. Ila mdogo wako kama kosa lake limo kwenye orodha, hakimu hana hiyari, na kumlalamikia hakimu ni kumwonea.

10. Eti ni kweli adhabu ya kifo iliwahi kufutwa hapa Dodoma?

Kweli kabisa, na huwa nashangaa wenyeji hawaijui. Mwaka 1994, Mahakama Kuu ikiwa Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliwatia watu wawili hatiani kwa mauaji, kwenye ile kesi ya Jamhuri dhidi ya Mbushuu, afu badala ya kuwahukumu kunyongwa akasema adhabu yenyewe ni ya kikatili, inamdhalilisha binadamu, na ni kinyume cha katiba. Akawapa kifungo cha maisha.

Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasema hivi, na hapa ndo patamu: ndio, tunakubali ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, LAKINI ibara ya 30(2) ya katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, kwa hiyo inabaki. Ikabaki kwenye vitabu mpaka sasa ingawa imepita zaidi ya miaka 25 bila mtu kunyongwa. Mwanafunzi mmoja wa UDOM aliniuliza sasa Mwalusanya alishinda au alishindwa, nikamwambia asome zote mbili, anieleze yeye.

11. Na mgombea binafsi? Kila uchaguzi mnasema mahakama iliruhusu.

Iliruhusu, tena nayo ilianzia hapa, mwaka ule ule 1994. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira akasema mtu asiye na chama ana haki ya kugombea. Kwenye hukumu hio hio akagonga na vifungu vya kuomba kibali cha polisi kufanya mkutano, na baadae sheria ikahama kutoka kuomba kibali kwenda kutoa taarifa. Hio sehemu ya pili watu huwa wanaisahau.

Sasa fuatana na hii safari. Bunge likabadilisha katiba likafunga mlango. Mtikila akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikampa tena 2006. Serikali ikakata rufaa, 2010 majaji saba wa Rufani wakasema hili ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge, sio mahakama. Akaenda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, 2013 ikasema Tanzania imevunja haki yake. Na uchaguzi wa 2025 umefanyika, mgombea bado lazima adhaminiwe na chama. Yaani ukikata kipande cha 1994, cha 2006 au cha 2013 unaweza kumshawishi mtu yeyote kwamba ameruhusiwa, na kila kipande ni cha kweli.

12. Ndoa ya miaka 14 na 15 si ilifutwa? Mbona sheria bado ipo?

Rebeca Gyumi alifungua kesi kupinga kifungu cha 13 na 17 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vinavyomruhusu binti kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana umri wake ni 18. Mahakama Kuu 2016 ikaona ni ubaguzi, ikaipa serikali mwaka mmoja irekebishe iwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yote.

Mwaka mmoja baada ya hapo ukapita sheria haijabadilishwa. Hapa lazima ujue jambo moja kwenye katiba yetu, ibara ya 30(5): mahakama ikiona sheria ni mbovu inaweza isiifute papo hapo, inatoa muda kwa serikali kuirekebisha. Nia ni nzuri, kusiwe na ombwe. Matokeo yake ndo hayo, hukumu unayo mkononi na kitabu cha sheria kinasema kingine, na mzee wa kaya fulani huko Bahi au Mpwapwa anakuuliza "sasa nifuate kipi". Nawajibu wafuate hukumu ya Rufani, na nawakumbusha kitu kinachowatisha zaidi: binti akiwa mwanafunzi wa msingi au sekondari, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanasema anayemuoa au kumpa mimba kifungo ni miaka 30. Kwa hilo hamna wa kubishana kuhusu kifungu cha 13.

13. Nyumba imeandikwa jina la mume, mke hakuwa na ajira. Anapata kitu wakiachana?

Anaweza kupata. Mama wa kesi zote hizi ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza familia, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kabla ya pale majaji walikuwa wamegawanyika, wengine wanataka risiti ya tofali.

Ila wengi wanaoitaja hawajaimaliza. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao. Mahakama iliona mume alishampa hela za kuanzisha biashara ya familia na zikapotea mikononi mwake, basi mchango wake ukahesabika umekwisha, rufaa ikatupwa. Kanuni aliyoiacha imewasaidia wanawake chungu nzima kuanzia Kizota mpaka Bukoba, yeye akatoka mikono mitupu. Kwa hiyo dada, ukienda na hii hukumu usidhani ni nusu kwa nusu kiotomatiki, bado utaulizwa ulifanya nini hasa na utatakiwa kuleta ushahidi. Na kabla ya yote kapite baraza la usuluhishi la ndoa, bila hati yao talaka kwa kawaida haifunguliki, na kesi nyingi zinaondolewa kwa sababu hio tu (swali la 6).

## Sheria mpya na mambo ya Bunge

14. Nimetumiwa PDF "sheria mpya imepita". Nitajuaje kama ni kweli?

Soma juu kabisa. Kama pameandikwa Muswada, bado ni mapendekezo. Muswada unasomwa mara ya kwanza, unaenda kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni (na sisi wa Dodoma tuna bahati, wenzetu wanapanda basi usiku kuja kusema dakika tano), unarudi kusomwa mara ya pili, unapitiwa kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu, afu Rais anasaini. Njiani vifungu vinabadilika sana. Kile kifungu kilichokukera kwenye PDF pengine kilishafutwa na kamati.

Na hata Rais akisaini, sheria inaweza isianze siku hio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Tarehe ya kuanza unaitafuta kwenye kifungu cha 1 au kwenye Gazeti la Serikali.

15. Nimetaja kifungu mbele ya hakimu, akasema namba sio hio. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea, umetumia kitabu cha zamani. Tulizoea toleo la sheria la 2002. Aprili 2025 likazinduliwa hapa Dodoma Toleo la Marekebisho la 2023, likaanza kutumika Julai 1, 2025, na kwenye sheria kadhaa namba za vifungu zimesogea kwa sababu vilivyofutwa vimeondolewa na vilivyoongezwa vimepangwa upya. Namba nilizotaja kwenye huu ukurasa ni zile zilizokuwepo wakati hukumu hizo zinatoka. Ukienda mahakamani leo linganisha na toleo jipya.

## Viwanja, na kuchelewa

16. Baraza la kata limenipa ushindi wa kiwanja. Naweza kumtoa mtu?

Hapana, na hili ndo swali namba moja hapa mjini tangu CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ivunjwe Mei 2017 na mafaili kuhamia kwa halmashauri. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata halina mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30. Mkishindwana wanawapa hati inayosema usuluhishi umeshindikana, na hio hati ndo tiketi ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Karatasi yenye muhuri inayosema "baraza limeamua fulani ni mmiliki" ya baada ya marekebisho hayo, ikunje weka kabatini.

Nyongeza kwa wale wa kiwanja kimoja barua mbili: mwenye kelele sio lazima awe mwenye kiwanja. Kachukue historia ya kiwanja kwenye ofisi ya ardhi kabla hujaingia hata hatua moja.

17. Nina siku ngapi za kukata rufaa?

Inategemea umetoka wapi unaenda wapi. Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30, na kesi hio hio ikitoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu tena 30. Baraza la Ardhi la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, 45. Jinai iliyoanzia Wilaya au kwa Hakimu Mkazi, unatoa taarifa ya nia ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya 45. Madai kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani, taarifa siku 30, afu siku 60 za kuwasilisha rufaa kuanzia ulipotoa taarifa. Umefukuzwa kazi isivyo halali? Siku 30 tu kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), migogoro mingine ya kazi 60. Kudai ardhi ni miaka 12, mkataba miaka 6.

Ukichelewa unaomba kuongezewa muda, lakini ueleze kila siku ya kuchelewa, moja moja. "Nilikuwa naumwa" bila cheti haitoshi, na "wakili alinisahau" huwa haina mashiko sana. Omba nakala ya hukumu kwa barua siku ile ile inaposomwa, na barua igongwe muhuri, nakala ubaki nayo.

## Kusema hadharani

18. Kesi haijaisha. Naruhusiwa kutoa maoni?

Kueleza kilichotokea mahakamani, sawa. Kueleza sheria inasemaje, sawa. Shida inaanza ukiandika kitu kinachopotosha mwenendo wa kesi au cha kuwapendelea upande mmoja wakati bado inaendelea. Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja hilo kama kosa la kudharau mahakama. "Huyu ni muuaji anyongwe" siku ya kusomewa mashtaka iko upande mbaya wa mstari. "Kashtakiwa kwa mauaji, kesi itatajwa tarehe fulani" iko salama.

Hukumu ikishatoka, ikosoe. Hoja, sio jaji. Mimi nakosoa kila siku na sijaitwa mahali. Sema jaji kakosea kutafsiri kifungu fulani na sababu zako hizi hapa. Ukisema kahongwa, uwe na ushahidi, ambao huna.

19. Kesi ya ubakaji ya mtaani kwetu, nikiandika jina la shule na la baba yake je?

Futa. Kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi wake unasikilizwa faragha na sheria inakataza kuuchapisha, na mtoto analindwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Kuficha jina lake halafu ukataja shule, darasa, kata na kazi ya baba, umemtaja. Kata yetu ndogo, watu watajua kabla ya magharibi.

20. Nilisambaza habari ya kesi kumbe sio kweli. Nimeisha?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 inaongelea taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Lakini isome vizuri, lazima uwe ulijua ni ya uongo, na uwe na nia ya kupotosha au kudhalilisha. Aliyekosea kwa uzembe sio sawa na aliyetunga. Futa, andika masahihisho pale pale ulipoweka kosa, hifadhi picha ya masahihisho. Mi ya mbuzi niliisahihisha kijijini mbele za watu, jua kali.

## Yale ya pembeni

21. Jaji wa Mwanza kasema hivi, wa Dodoma vile. Nimfuate nani?

Wote ni Mahakama Kuu, hakuna anayemfunga mwenzake. Wanaheshimiana tu. Unatafuta kama Rufani imeshaongea. Kama haijaongea, chagua iliyoeleza sababu vizuri na jiandae kwamba upande wa pili atakuja na ile nyingine. Hukumu za Kenya au Uingereza zinaweza kumshawishi jaji, kumfunga hapana.

22. Rufani ikishaamua, mwisho wa reli?

Karibu. Kuna mapitio, unaomba ndani ya siku 60, mahakama hio hio ijiangalie upya. Sababu zake ni finyu sana, mfano kosa lililo wazi kwenye uso wa hukumu au upande mmoja kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Sio rufaa ya pili. Wengi wanaitumia kama ya pili na wanarudi na gharama.

23. Basi naenda Arusha kama Mtikila.

Mtikila alipita kwa sababu Tanzania ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu mtu mmoja mmoja na mashirika kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Novemba 2019 serikali ikaliondoa, na baada ya mwaka mmoja, Novemba 2020, mlango ukafungwa kwa kesi mpya za aina hio. Siku chache baada ya barua ile ya kujiondoa, tarehe 28 mwezi ule ule wa Novemba 2019, mahakama hio ilitoa hukumu ya Ally Rajabu na wenzake kwamba sheria yetu kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa mauaji, bila kumwachia nafasi ya kuangalia mazingira, inavunja haki ya kuishi. Ukiwa umesoma swali la 10 utaona ni mjadala ule ule wa Mwalusanya, umetoka Dodoma umezunguka miaka 25.